Mfereji wa Kumi na Saba

Temeke, Dar es Salaam
11 Agosti 1954

Mzazi wangu mpendwa, Mzee Kornelio,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama. Je, mguu wake umepona? Na kahawa ya upande wa kanisani imeanza kuiva? Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umekuwa haba, na sababu yake utaisoma humu. Naomba uisome peke yako kwanza, ndipo umsomee Mama.

Nianze na habari njema. Tangu Mei nimetolewa kwenye mashine ya chapa nikawekwa kwenye meza ya hesabu za maji. Ofisi yetu inakadiria maji yote yanayonywesha mashamba ya mlimani kwetu, kuanzia msituni hadi kwenye mkonge wa tambarare. Kila mfereji una namba na ukurasa wake. Tunaandika ekari za migomba, za kahawa na za ulezi, kisha kiasi cha maji ambacho mimea hiyo inahitaji. Tunatoa mvua iliyonyesha, na kinachobaki ndicho mfereji unachopaswa kuleta. Mifereji ni arobaini na mmoja, na thelathini nimeikokotoa mimi. Bwana Injinia hukagua kwa kalamu nyekundu, na mwezi uliopita kalamu yake haikugusa ukurasa wangu hata mmoja. Baba, mwalimu aliyekuambia kwamba kichwa changu ni cha hesabu hakukudanganya.

Mwenye nyumba wangu, Bi Mwanakombo, ananicheka. Juzi alinikuta nangoja zamu kisimani na debe langu, akawaambia wenzake wamtazame karani anayegawa mito ya bara naye hana maji ya kunawa uso. Akaniuliza kama katika makaratasi yangu hakuna kijito kidogo, hata kilema, cha kuiazima Temeke. Wote walicheka, nami nikacheka nao.

Sasa jambo lenyewe. Mfereji wa kumi na saba ni wetu, ule aliouchimba Babu na ndugu zake. Katika daftari la safari ya Februari umeandikwa sifuri: mkavu, hautumiki. Hesabu hii ikipita, kila mfereji utaachiwa kiasi kilichokadiriwa. Wenye sifuri utazibwa pale banioni unapoachana na mto, na maji yake yatashuka kwenye mkonge. Ni kaya sitini na mbili, Baba, pamoja na migomba ya Mama.

Juma lililopita nilimwendea Bwana Injinia. Nilisimama mlangoni mpaka akaniuliza kama nimeota mizizi. Nikamwambia mfereji ule u hai, ila mzee anayeusimamia anapofariki watu wetu huyarudisha maji mtoni kwa siku nne, na wapimaji walifika siku ya pili. Akauliza nimejuaje. Nikamwambia yote, na wewe sina budi kukuambia.

Aliyeandika sifuri ile ni mimi. Nilikuandikia kwamba nilinyimwa ruhusa ya kuja kumzika Babu. Sikunyimwa, kwa sababu sikuomba. Nilikuwa huko huko, nimebeba daftari la wapimaji. Amri ilikuwa kwamba karani asiende kupima maji ya kwao, nami nilificha kwetu ni wapi ili nisiikose safari. Asubuhi ile tulifika banioni nikaona tope limeanza kupasuka, na majani ya masale, alama yetu ya msiba, yamefungwa juu ya banio. Hakuna aliyeniambia neno, lakini nilijua pale pale kwamba Babu amekufa. Wenzangu wakauliza kama mfereji huu umeachwa. Nikaogopa kufukuzwa, nikaandika. Kengele ya kanisa ililia tukiwa tunashuka, nami nikashuka nao.

 Bwana Injinia alisema angeweza kuniachisha kazi siku ile ile, na kwamba bado hajaamua. Kisha akachukua kalamu nyekundu akaikata sifuri yangu. Upimaji utarudiwa Alhamisi, tarehe 2 Septemba. Nitakuja kumwonyesha njia mpimaji Revelian, Mhaya asiyependa mzaha. Yeye ndiye atakayepima na kuandika, mimi nitasimama kando.

Wewe sasa ndiye mzee wa mfereji, kwa hiyo nakuomba uwaambie watu wasifungue banio kupita kawaida ili tuonekane tuna maji mengi. Yaende kama yaendavyo Alhamisi yoyote. Maji ya Babu yanatosha jinsi yalivyo. Nataka namba itakayoandikwa iwe ya kweli, hata kama atakayeikokotoa ni karani mwingine.

Bado naogopa, Baba, sikufichi. Lakini nilisema nikiwa naogopa, na jambo hilo nalionea fahari kuliko kurasa thelathini zisizo na wino mwekundu.

Upimaji ukiisha nitapanda ile njia ambayo sikuipanda Februari. Kama utanipokea, nisubiri kaburini kwa Babu. Kama bado una uchungu, nitakwenda peke yangu, halafu nitakuja nyumbani kuomba msamaha.

Mpe Mama salamu zangu, na shangazi Auleria, na wote wanaochota katika mfereji ule. Bi Mwanakombo naye anawasalimu, na amesema nisirudi bila kile kijito chake.

Mwanao, aliyekukosea,
Leonardi Kornelio