Mke Wangu Ametengeneza Gari Bila Kuniuliza

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba usicheke kwanza, maana rafiki yangu mmoja nilipomdokeza tu alicheka mpaka akapaliwa, na mimi si mtu wa kuchekwa, mimi ni baba wa watoto wakubwa, ni afisa utumishi katika kampuni yenye lifti, na nina gari.

Gari lenyewe ndilo chanzo cha yote. Ni gari zuri, halijachoka, ila waliolitengeneza sijui walikuwa wanafikiria nini, maana pale mpira mkubwa wa rejeta unapoingia kwenye injini waliweka kikombe cha plastiki, plastiki kabisa kama ya beseni, na maji ya moto yakipita humo kila siku plastiki inakakamaa, inafanya ufa, inaanza kuvuja. Ikavuja. Mwanzo tone moja moja, baadaye ukiliegesha unalikuta limejikojolea kama mtoto. Sasa mimi sikukurupuka kwenda kwa fundi kama watu wengine, nilikaa nikausoma ule ufa, nikaupaka gundi, gundi ilipobanduka nikapaka nyingine kali zaidi, nikazungushia mpira wa baiskeli, nikasindilia sabuni ya kipande, na gari likawa linatembea, mradi tu awepo mtu anayelijua. Mtu huyo ni mimi.

Kila asubuhi nilikuwa nafungua boneti pale nje, na majirani wanakuja, yule mzee aliyestaafu posta anakuja na kikombe chake cha chai, kinyozi anapita kabla hajafungua kibanda, na wengine wa kupita tu, tunainama wote tunatazama, huyu anasema tatizo ni mfuniko wa rejeta, yule anasema ni maji ya bomba, na mimi nawasikiliza wote halafu naamua. Nisikufiche, mshauri, nilikuwa naipenda sana ile saa. Kazini nina bosi, na bosi wangu ana bosi wake, lakini pale kwenye boneti neno la mwisho lilikuwa langu.

Mke wangu ni mshonaji, ana duka la sare za shule, si mtu wa maneno mengi. Mama yake anaishi na sisi tangu figo zilipoanza kumsumbua, na kila wiki lazima apelekwe hospitali akasafishwe damu, hilo halina mjadala. Basi nilikuwa nawapeleka mimi, madumu ya maji yamejaa kwenye buti, na kila mshale wa joto ukianza kupanda naegesha pembeni, nafungua, nasubiri injini ipoe, namimina, tunaendelea, mama mkwe amekaa nyuma kimya na mkoba wake magotini. Tulikuwa tunachelewa, sikatai, na wauguzi walikuwa wanatununia, lakini tulikuwa tunafika. Mke wangu akawa anasema mara kwa mara tulipeleke kwa fundi, eti fundi amemwambia kuna kikombe kama kile kile lakini cha alumini, kinatengenezwa makusudi kwa magari haya kwa sababu kila mwenye nalo analia na kile cha plastiki. Nikamwambia tutaona. Tutaona si hapana, mshauri, wewe ni mtu mzima unajua.

Ikatokea nikasafiri kwenda kwenye semina ya uongozi shirikishi, na niliporudi nikakuta kile kikombe cha plastiki kiko juu ya meza ya sebuleni, kimeoshwa, kimewekwa juu ya gazeti, gundi zangu zote zinaonekana. Nikauliza hiki ni nini. Mke wangu akanijibu kwa ile sauti anayomwambia mteja kwamba sare yake iko tayari.

"Nimeweka cha chuma. Halivuji tena."

Asubuhi iliyofuata nilifungua boneti kwa mazoea, na wenzangu wakaja kama kawaida, tukainama, na hapakuwa na kitu cha kutazama. Kikombe kinang'aa, pakavu kila mahali. Yule mzee wa posta akasema basi limepona, akarudi kwake kumalizia chai. Kinyozi akaniomba namba ya fundi. Tangu siku hiyo haji mtu, na nikisimama pale nje peke yangu naonekana kama nasubiri kuibiwa. Na mke wangu, ambaye leseni anayo tangu zamani ila gari hili alikuwa analiogopa kwa sababu ya tabia zake, sasa anachukua ufunguo na kuondoka na mama yake, wanafika hospitali mapema, wanataniana na wauguzi, na mama mkwe anawaambia wageni kwamba siku hizi gari lina adabu. Mimi nikasema mezani, kwa upole, kwamba katika nyumba hii gari halitaguswa tena bila mimi kushirikishwa. Mke wangu akasema sawa, akaendelea kula.

Sasa nafika panaponiuma. Asubuhi moja ya siku ya hospitali, mke wangu akiwa anaoga, nilichukua bisibisi ndogo nikalegeza ile klipu inayobana mpira wa rejeta kwenye kikombe, kidogo tu, na wallahi nilikusudia livuje matone, lile tone letu la zamani, ili arudi aniambie baba watoto hebu njoo uangalie. Basi. Nikaenda kazini nikaweka simu mbele yangu, nikasubiri kuitwa. Sikuitwa. Mpira uling'oka kabisa wakiwa wameshalipita daraja la njia ya hospitali, pale pasipo na mti wala duka, gari likachemsha, moshi mweupe, na mke wangu akampigia fundi badala ya kunipigia mimi. Mama alikaa juani mpaka dereva wa gari la mikate akawaonea huruma akampakia mbele. Alipofika, kwenye mashine yake ya kusafishia damu alikuwa ameshawekwa mgonjwa mwingine. Akavimba, pumzi ikawa fupi, wakamlaza. Nilipokwenda kumwona miguu yake ilikuwa kama mito ya kulalia, na kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama nimekula.

Ametoka, anaendelea vizuri, tunashukuru. Lakini mke wangu siku ile ile alikwenda gereji akamwambia fundi mbele ya wateja wake kwamba amekaribia kumuulia mama, na wenzake wa pale madukani wakayachukua magari yao wakapeleka kwingine. Fundi akaja nyumbani, ambako gari lilikuwa limevutwa, akaliangalia, akaikaza klipu, akauliza taratibu kama kuna mtu mwingine alifungua boneti. Mke wangu akasema hapana, akanitazama. Mimi nikasema barabara zetu ni mbovu. Tangu hapo ufunguo wa gari unakaa kifuani mwake, na cha ajabu hamsemi tena fundi vibaya, juzi nimesikia amempelekea shati alilomshonea mwenyewe. Na jana ameniuliza, kwa adabu kabisa, kama najua ilipo ile bisibisi ndogo. Nikasema sijui. Akasema sawa.

Mimi naona, kwa kuwa hakuna anayejua, ni busara mambo yatulie, na tena nimshauri mke wangu turudishe kile cha plastiki, maana ndicho kilichotoka na gari kiwandani na hiki cha chuma kimeonyesha nuksi. Ninacho, nimekihifadhi kwenye droo ya ofisini. Lakini usingizi umekata, chakula hakipiti, na nikimsikia mama mkwe anakohoa chumbani kwake naamka nakaa. Je, niseme au ninyamaze? Na kama ni kusema, nisemeje bila kupoteza heshima?

Ni mimi,
Kichwa cha Nyumba

MSHAURI ANAJIBU

Kichwa cha Nyumba,

Uliniomba nisicheke kwanza. Nilishaanza, nisikudanganye, na nilicheka vizuri tu mpaka mama wa watu alipokaa juani. Hapo nikaacha, nikaisoma barua yako upya tangu mwanzo.

Nikupunguzie mzigo mmoja kabla hatujaenda mbali: siri huna. Mwanamke anayeuliza bisibisi iko wapi, akaambiwa sijui, akasema sawa, hatafuti bisibisi. Anakutafuta wewe. Na lile shati alilompelekea fundi ni nini, kama si kumwomba radhi? Yeye kosa lake la kumfokea mtu asiye na hatia ameshalijua na ameshalitengeneza, bila semina. Amebaki anakusubiri wewe useme kwa mdomo wako, na subira ya namna hiyo haidumu. Siku moja utasikia "sawa" nyingine, na hiyo itakuwa na sanduku la nguo mlangoni.

Sikuoni kuwa mtu mbaya. Nakuona mtu aliyezoea kusikilizwa mahali pamoja tu, na mahali penyewe palikuwa juu ya ufa. Hilo linaumiza, na wapo wengi kama wewe wanaosoma ukurasa huu sasa hivi wakijifanya wanatafuta habari za michezo. Lakini ulitaka kuitwa, na uliitwa. Mke wako alipokwambia tulipeleke gari kwa fundi, alikuwa anakuita. Alirudia, ukamwambia tutaona. Mgonjwa anasimamishwa njiani kila safari, wewe unamimina maji na kujiona nahodha. Aliyechoka kungoja akaenda mwenyewe, akalimaliza, na wewe ukaona umevuliwa cheo.

Kuhusu wazo lako la kurudisha plastiki. Kuna fundi magari jirani na ofisi yetu, nilimsomea kipande hicho cha barua, akaniuliza kama aliyeandika ni mzima. Kikombe cha alumini hakina kosa. Kingekuwa na mdomo kingekushtaki. Kilichovujisha maji siku ile ni mkono wako, na mkono huo haubadilishwi gereji. Kitoe hicho kikombe cha plastiki kwenye droo ya mwajiri, kitupe.

Wapo washauri ambao hapa wangekwambia ndoa ni kama injini, inahitaji maji na oili. Mimi sisemi hivyo. Injini haikushonei nguo wala haikuulizi kama umekula ikiwa yenyewe imelala kitandani haiwezi kupumua. Wewe umekosea watu, basi nenda kwa watu.

Leo ukitoka kazini, kabla hujavua viatu, mwambie mke wako, "Klipu niliilegeza mimi." Ishia hapo. Usimweleze historia ya ufa, usiseme "ila", usiseme nilikusudia matone. Akipiga kelele, msikilize. Akinyamaza, nyamaza naye, na usiuharakishe ukimya wake kwa kumuuliza amekusamehe au vipi. Kisha ingia kwa mama mkwe, kaa chini, si kwenye kiti, umwambie maneno yale yale. Atakuwa mpole kuliko unavyostahili, na utaumia zaidi kuliko ukitukanwa. Vumilia. Hiyo ni haki yake, na ni dawa yako.

Fundi mfuate gereji kwake, wakati wateja wapo. Alidhalilishwa mbele ya watu, na kusafishwa kwake kuwe mbele ya watu. Usimwite pembeni, usimpigie simu, usimtumie ujumbe wenye kichwa cha habari kuhusu changamoto zilizojitokeza. Ninyi maafisa utumishi nawajua. Ukitoka hapo pitia madukani kwa hao wenzake mke wako waliohamisha magari yao, uwaambie kijana wa watu alikaza vizuri, na kwamba aliyelegeza amesimama mbele yao. Watakucheka. Wengine watakucheka kwa muda mrefu. Unauliza utasemaje bila kupoteza heshima: hiyo heshima unayoilinda ilishapotea siku ulipomwambia fundi kwamba barabara ni mbovu. Unachokwenda kufanya sasa ni kuanza kuitafuta nyingine.

Na hao wazee wa asubuhi, waalike. Mwambie yule mstaafu aje na chai yake, mkae mzungumze. Watu hawahitaji gari bovu ili wawe na jirani, na kama walikuja kwa ajili ya ule ufa tu, basi hukuwa na marafiki, ulikuwa na watazamaji.

Ufunguo usiuombe. Utapewa siku utakayopewa, au hutapewa. Siku ya hospitali ikifika, uliza kama unaruhusiwa kwenda nao. Ukikubaliwa, kaa nyuma pamoja na mama, ushike mkoba wake, na mke wako akikata kona usimfundishe. Mkifika, wewe uwe wa kwanza kushuka. Mfungulie mama mlango, mpe mkono, mtembee kwa mwendo wake mpaka kwenye mashine. Muuguzi akikuuliza wewe ni nani, mwambie ni mkwe. Kisha vuta kiti, usubiri naye mpaka amalize.