Vizibo Kumi Vyekundu

Jumatatu, 3 Machi

Igoma, ukumbi wa kanisa, kuanzia saa tatu. Akina mama kumi na nne. Mfuko wa kitambaa, vizibo kumi vya soda, katoni ya sabuni. Maelezo nimeyasoma kama yalivyoandikwa. Chukua vipande viwili vya sabuni sasa hivi, bila shaka yoyote. Au ingiza mkono mfukoni bila kuangalia: kizibo chekundu, vipande vitano; cheupe, hupati kitu. Kila mzunguko naongeza vyekundu na kupunguza vyeupe. Pale mtu anapoacha cha uhakika na kuingiza mkono ndipo tunapojua anaogopa kiasi gani. Watafiti waliotuajiri wanataka kujua watu wa huku wanaamuaje mambo wasipojua kesho italeta nini.

Wengi wao hawakuingiza mkono kabisa. Mzunguko wa mwisho vizibo vyote kumi ni vyekundu, hakuna namna ya kukosa. Umewekwa ili kuona kama mtu ameelewa. Tisa wakaomba vipande viwili vyao vilevile. Mke wa mchungaji alikuwa amekaa mbele. Alitabasamu tu.

Nimeandika: hawajaelewa. Nimeudhika.

Jumanne, 4 Machi

Ofisini. Kaka Deo, mratibu wetu, amesema wale tisa nisiwafute. Niwaweke daraja la kwanza, waoga kabisa. Madaraja ni matano, la tano ni la majasiri. Nimejaza jedwali lote kwa kalamu nyeusi, hakuna palipokatwa. Deo amelionyesha kwa wenzangu.

Jumatano, 5 Machi

Mwaloni, soko la samaki, Kirumba. Tofauti kabisa. Mama Suzi, muuza dagaa, aliingiza mkono kizibo chekundu kikiwa kimoja tu. Akakosa. Akaingiza tena.

“Wee dada, mimi nanunua dagaa asubuhi wingu limekaa pale juu ya ziwa. Sijui jua litawaka au mvua itaniozeshea mzigo. Halafu unanitisha na vizibo!”

“Mama Suzi, leo utaoga na magadi!” mwenzake akamwambia.

“Nitaoga na ya kwako.”

Daraja la tano. Siku nzuri. Naanza kuwajua watu kabla hawajafungua mdomo.

Ijumaa, 7 Machi

Nyumbani Kiseke. Nimefanya mazoezi ya kusoma maelezo, Mama akiwa mshiriki. Jicho lake la kulia lilishakufa kwa presha ya macho. La kushoto linaona bado, ila pembeni kumeanza kuwa giza. Vizibo nilimhesabia kwa sauti naye akavigusa.

Kila mzunguko alisema, “Nipe viwili vyangu.” Hata vyote kumi vilipokuwa vyekundu. Nikamwambia, “Mama, hapa huwezi kukosa.” Akasema, “Nimesikia, Vero. Nipe viwili.”

Daraja la kwanza. Mama yangu mwenyewe. Nilicheka.

Jumanne, 11 Machi

Kliniki ya macho. Presha ya jicho la kushoto imepanda tena. Mama akiwa bado ndani anapimwa, Sista Agripina, muuguzi wa pale, aliniita koridoni. Kuna daktari bingwa anakuja kwa wiki moja kufanya upasuaji. Nafasi ni chache, na moja anaweza kumshikia Mama. Upasuaji unaweza kulisimamisha jicho hapo lilipo. Unaweza pia kulimaliza mapema. Hawezi kuahidi. Tukiendelea na dawa ya matone, mwanga utapungua polepole. Polepole kiasi gani, hakuna ajuaye.

Akasema, “Ongea na mama, unipigie kabla ya Alhamisi jioni.”

Mama alipotoka aliuliza Sista alikuwa anasema nini. Nikajibu, mambo ya dawa.

Jumatano, 12 Machi

Nimechora jedwali. Upande mmoja upasuaji, upande mwingine matone. Chini yake nimeandika: Mama, daraja la kwanza. Mtu aliyekataa mfuko wenye vyekundu vitupu atakubali vipi kisu ambacho hata daktari hakiahidi? Nikimuuliza nitamkosesha usingizi bure, na jibu ninalo tayari.

Jioni alikuwa anachambua mchele mlangoni kwenye mwanga. Nilisimama karibu yake kidogo. Kisha nikaenda kuanua nguo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempigia Sista saa tisa. Nimesema tutaendelea na matone. Akauliza, “Mama mwenyewe ndivyo alivyosema?” Nikasema ndiyo.

Mama nimemwambia wamesema tuendelee na dawa.

Haya, limekwisha.

Jumatatu, 31 Machi

Deo ametupa mtihani: tutabiri chaguo la watu kumi kabla hawajacheza. Nimepatia tisa. Wenzangu wananiita Nabii. Nimefurahi kuliko inavyostahili.

Jumapili, 18 Mei

Mama amemimina chai nje ya kikombe. Amesema kikombe kilihama. Nimefuta meza. Matone anaweka kwa saa, hajaruka hata siku moja. Naandika kila tone.

Jumapili, 25 Mei

Kanisani amekosa ngazi ya mlangoni. Goti limechubuka. Alikaa ibada nzima kitabu cha nyimbo kikiwa kimefungwa mapajani, akaimba alizozikariri.

Naogopa.

Jumatatu, 2 Juni

Kliniki. Daktari amemulika, amepima, amemulika tena. Jicho linaona mwanga na kivuli, basi. Mshipa wa jicho umeshaharibika. Hata yule bingwa akirudi, hakuna cha kuokoa. Kisha akasoma faili, akasema kwa upole tu, hakuwa na nia mbaya, “Naona mwezi wa tatu mliamua msifanye upasuaji.”

Mama akageuza uso kunitafuta. Nilikuwa upande wa pili.

Tukarudi Kiseke.

Jumanne, 3 Juni

Asubuhi aliniita nikae kwenye mkeka.

“Upasuaji upi?”

Nimemwambia yote. Koridoni, jedwali, simu. Nimemwambia hata lile la daraja la kwanza. Nilitaka kulia lakini nilijizuia, kwa sababu nikilia atanibembeleza, na sikustahili.

Akasema, “Ile ni kamari, Vero.”

Sikuelewa.

“Kuingiza mkono mfukoni kutafuta bahati. Ni kamari. Hata ungeweka vizibo mia, vyote vyekundu. Mimi sichezi kamari. Ulitaka msaada wa mazoezi nikakusaidia, lakini mkono wangu sikuutia.”

“Mbona hukusema, Mama?”

“Ni kazi yako. Ningekuambia kazi yako ni dhambi?”

Baadaye, nikiwa nimeshasimama: “Mimi nilitoka Majita nimekubeba mgongoni. Hapa Mwanza sikuwa na ndugu, sijui nitalala wapi. Umeniona mwoga lini?”

Nilimuuliza kama angekubali kisu. Nilijua jibu kabla hajalitoa. Safari hii nililijua kweli.

“Ningekubali siku ileile.”

Jumatano, 4 Juni

Sikwenda kazini. Mama amepika mwenyewe kwa kupapasa, amekataa msaada. Sahani yangu ameniwekea.

Alhamisi, 5 Juni

Nimekwenda Igoma kumwona mke wa mchungaji. Nilimwamkia, nikamuuliza kwa nini siku ile walikataa hata vizibo vyekundu vitupu. Alicheka mpaka akashika ubavu.

“Mwanangu, ulitaka tucheze bahati nasibu ndani ya kanisa? Tena mimi nimekaa pale mbele?”

“Kwa nini hamkuniambia?”

“Wewe mgeni, umetuletea sabuni, tukuaibishe? Tulichukua viwili, tukashukuru. Tulijua utaelewa.”

Wanawake tisa walinipa jibu lilelile siku moja, ndani ya chumba kimoja, nami nikaandika hawajaelewa. Nilimaliza kidato cha nne na alama nzuri za hesabu. Sikujiuliza hata mara moja.

Ijumaa, 6 Juni

Nimemweleza Deo. Amekuna kichwa, akasema ni jambo la kuandikwa kwenye ripoti, tena litawavutia wakubwa. Atatenga wale wa Igoma, jedwali litatengenezeka. Hakusema vibaya. Nilimtazama nikaona yeye amepoteza karatasi moja tu.

Sikumwambia habari za Mama.

Jumamosi, 7 Juni

Nimejaribu kukokotoa. Ingekuwaje kama tungefanya. Labda jicho lingesimama. Labda lingekufa Machi badala ya sasa. Nimeandika namba, nimekata, nimeandika tena. Ukurasa mzima umechafuka.

Sijui. Sitajua. Lakini hilo silo linalonichoma. Hata kama kisu kingemaliza jicho, lingekuwa limemalizwa na uamuzi wake. Mimi nimemnyang’anya vyote viwili, jicho na uamuzi.

Jumapili, 8 Juni

Nimemwomba Mama msamaha. Nimepiga magoti kama zamani nilipokuwa nimevunja chungu. Alinishika kichwa, akakaa hivyo kidogo.

“Nimekusamehe,” akasema. “Lakini inauma, Vero. Usidhani haiumi.”

Nashukuru hakuficha.

Jumatano, 18 Juni

Sista Agripina amepiga simu kuuliza hali. Anajua mtu anayefundisha wasioona kutembea kwa fimbo. Alianza kunieleza siku na saa. Nimemkatiza, nikampelekea Mama simu, nikatoka nje. Walizungumza muda mrefu. Nilimsikia akicheka mahali fulani katikati.

Sikuuliza walichozungumza. Ameniambia mwenyewe wakati wa kula. Ataanza Jumatatu.

Alhamisi, 3 Julai

Mama anataka kwenda Majita kwa dada yake. Labda mwezi mmoja, labda kuishi moja kwa moja. Kule vijia anavifahamu tangu utotoni. Ila kliniki iko mbali, na dada yake naye ni mzee. Huku nipo mimi, lakini anashinda peke yake ndani hadi nirudi. Alivitaja vyote mwenyewe, kimoja kimoja, akihesabu kwa vidole.

Nilikuwa na la kusema. Nililimeza. Nikamuuliza, “Wewe unaonaje, Mama?”

Amesema bado anafikiri. Atanijibu akiwa tayari.

Jumapili, 6 Julai

Mvua hakuna. Upepo kidogo kutoka ziwani. Mama amekaa kibarazani tangu tutoke kanisani, uso ameuelekeza kwenye jua, fimbo imelazwa miguuni.

Siku ya tatu leo nangoja jibu lake. Sijamkumbusha.