Visu vya Marehemu

6 Februari

Wifi yangu,

Salamu nyingi. U hali gani, na mama yangu anaendeleaje hapo kwako na miguu yake? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na mimi si mtu wa kubembeleza simu.

Ni kuhusu vile visu vya kukunja vya marehemu kaka yangu. Miaka yote uliviita vyuma chakavu, mbele yetu, huku ukicheka. Sasa mwenyewe hayupo, nina hofu utaviingiza jikoni uwe unaparia samaki. Mume wangu anasema visu vya zamani namna ile, vyenye mipini ya pembe na mifupa, wenye macho yao wanavitafuta kwa tochi. Kwako vitaozea kabatini. Kwangu vitakaa sebuleni, vionekane. Vifunge vizuri, nitatuma mtu.

Wifi yako


14 Februari

Wifi,

Mimi mzima. Mama naye mzima, miguu inamsumbua asubuhi tu. Ungekuwa unakuja, ungejua bila kuuliza.

Ni kweli niliviita vyuma chakavu. Huo ulikuwa utani wangu na mume wangu. Wewe uliusikia ukipita njia. Kila Jumapili alitandaza gazeti mezani akavifungua kimoja kimoja, nami namshikia kitambaa huku namkejeli. "Hiki kimekaa mfukoni mwa mtu aliyekufa babu yangu hajazaliwa," ananiambia. "Sikiliza kinavyojifunga." Ta! Nami nasema, "Kama mlango wa jela." Tunacheka mpaka mama anatuuliza kuna nini. Wewe ulikuwa wapi? Alipougua ulikuja mara moja tu, ukakaa na mkoba mapajani kama abiria anayeogopa kupitwa na kituo chake.

Visu haviji huko. Na huyo mtu wako asijisumbue.

Mke wa kaka yako


2 Machi

Wifi,

Habari za kazi? Najua ulikuwa kazini, maana juzi nilifika kwako mwenyewe sikukukuta. Mama alinifungulia. Nilimwomba lile kopo la biskuti lenye visu, akanipa kwa mikono yake miwili, akasema, "Chukua mwanangu, na wewe ni damu yake." Kwa hiyo usiende ukasema nimeiba.

Ungeviona sasa! Ulikuwa umeviacha vyeusi, vina madoa kama ndizi mbovu. Mume wangu alivipeleka karakana kwao, akavipitisha kwenye jiwe la umeme, kisha msasa, kisha dawa ya kung'arishia. Vinawaka mpaka unajiona meno. Mipini nayo kaipiga msasa, kaipaka vanishi. Tumevipanga kwenye kabati la kioo kando ya televisheni. Jumamosi anakuja mzee mmoja mkusanyaji, mtu anayesifika kwa visu vya kale. Nitakuandikia atakachosema, labda na wewe utajifunza kitu.

Wifi yako mwenye macho


6 Machi

Wifi mwenye macho,

Leo sikuulizi hali.

Ule weusi haukuwa uchafu. Ni rangi ambayo chuma hujivika chenyewe kikipita mikononi mwa watu miaka na miaka, na ndiyo iliyomfanya kaka yako avitake hivyo akaacha vipya vya dukani. Alivifuta tu, tone la mafuta ya cherehani na kitambaa laini. Chapa za viwanda zilikuwa hafifu. Unaziona ukiliinamisha bapa dirishani. Mwambie Bwana Msasa akutafutie hata moja.

Na kile chenye mpini wa pembe, mpini ulikuwa umebonyea upande mmoja. Hapo ndipo lilipokaa dole gumba la kaka yako tangu hajanioa. Nenda ukapapase.

Huyo mzee mkaribishe. Kama kweli anavijua visu, hata kiti hatataka.

Mke wa kaka yako


29 Aprili

Wifi,

Natumaini u mzima, na mama pia. Nimekawia kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Mzee alikuja. Alisimama mbele ya kabati, mikono nyuma, wala hakuomba lifunguliwe. Akauliza, "Nani kafanya hivi?"

Mume wangu akavimba. "Mimi, mzee."

Yule mzee akamtazama kama mtu aliyekanyaga kitu njiani. "Basi hongera," akasema. "Sasa una vijiko vyenye makali." Akavaa kofia yake akaondoka.

Mume wangu anasema ni mzee mwenye majivuno, hajui kitu kizuri. Mimi nilingoja atoke, nikafungua kabati, nikakipapasa kile cha pembe. Ni laini pande zote, wifi. Hakuna kidole. Nilikaa sakafuni nikalia kuliko nilivyolia siku ya msiba.

Nivirudishe? Niambie nije lini.

Dada yake


12 Mei

Dada yake,

Barua yako nimeisoma mara moja, inatosha. Mama nilimsomea. Aliuliza kama kosa ni lake kwa kukupa lile kopo. Nimemwambia hapana, kosa hili lina wenyewe.

Usivirudishe. Ulivyovichukua vilikuwa vya mume wangu. Ulivyo navyo sasa ni vya mumeo. Viache hapo hapo kwenye kioo, na wageni wakivisifia, wajibu wewe.

Kimoja hukukipata. Siku aliyofariki kilikuwa mfukoni mwa suruali yake, hospitali wakanikabidhi pamoja na viatu. Si kizuri. Ncha imevunjika, mpini una ufa, na huyo mzee wako angekipita bila kugeuka. Namenyea mama chungwa nacho, na akimaliza kula anakiomba, anakaa nacho kiganjani mpaka nimwambie nataka kukifuta.

Ukitaka kumwona, njoo. Ni mama yako, mlango siwezi kukufungia. Utamkuta nacho mkononi. Mimi usiniombe kukishika.

Mke wa kaka yako