Jibu Lililokwenda kwa Wote

Jumamosi, 2 Novemba

Wametuandikia. Ile huduma ya bure inayobeba orodha yetu ya baruapepe, ambamo mmoja akiandika wote wanapata, inafungwa mwezi ujao. Miaka yote ile — wasioona wa Nepal nzima, walimu, wanafunzi, wakandaji, yule mama mpishi wa Pokhara anayegombana na kila mtu — basi tu!

Jamuna, anayeiendesha, alinipigia asubuhi. Akasema: Kaka Niren, wewe ndiye fundi wetu, tutafutie nyumba mpya ya orodha.

Mimi macho yangu yanaona. Niliingia humo kwa ajili ya mama, aliyepoteza macho uzeeni. Mama hayupo tena. Barua zake bado zimo.

Jumatatu, 4 Novemba

Programu ya kwanza: nzuri ajabu! Rangi, picha, madoido. Nikampelekea Jamuna nikijisifu. Akacheka hadi akakohoa. Akasogeza simu kwenye kompyuta yake nisikie ile sauti inayomsomea skrini: kitufe, kitufe, picha, kitufe, kitufe.

"Sasa niambie, Kaka, nibonyeze kipi? Cha kuwafukuza wote?"

Aibu. Vitufe havina majina. Sikuwahi kufikiria.

Jumatano, 6 Novemba

Ya pili inasomeka, lakini haipokei barua za zamani. Nikasema si neno, tuanze upya. Jamuna akajibu polepole: barua za mama yako zimo humo, mimi sizitupi.

Nikajifanya nina mafua.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimekwenda kwao Jamuna, Kirtipur. Yuko juani, juu ya paa, anachambua mboga na mama yake.

Ya tatu ni kavu — maandishi matupu, sura ya kizee. Lakini ameiendesha peke yake! Kuandikisha mtu, kumtoa, kumnyamazisha kwa muda. ("Mama wa Pokhara, umekwisha!") Na Mwalimu Dambar wa wilaya ya Jumla, kule milimani, ambaye mtandao wake ni wa kubahatisha, atajiunga kwa kutuma barua moja tu. Tumeichukua.

Tumebishana jambo moja. Mtu akijibu, jibu liende kwa aliyeandika, au kwa wote? Mimi: kwa aliyeandika, watu wataumbuka. Yeye: kwa wote, hapa ni uani kwetu, waache watu waongee. Ameshinda.

Ngazi zao giza totoro. Akanishika kiwiko, akaniongoza. "Inama, Kaka. Boriti hiyo haina huruma."

Nilitamani nyumba iwe na ghorofa kumi.

Jumanne, 12 Novemba

Tumehama! Barua za mama zote zimefika, hata ile ya kumlaani kondakta wa basi.

Jamuna akawaandikia wote salamu ya kwanza. Nikabonyeza kujibu. Nikamwandikia — yeye tu, nilivyodhani — kwamba tangu Jumamosi kiwiko changu hakijatulia. Kwamba natafuta kasoro kwenye programu ili nipate sababu ya kumpigia. Kwamba jana nilikosa kasoro, siku ikawa ndefu.

Nikatuma.

Mungu wangu. Kwa wote!

Baadaye. Mama wa Pokhara: hatimaye barua yenye maana humu. Mwalimu Dambar amepanda mlima kutafuta mtandao, anauliza harusi lini, barabara kwao zitafungwa na theluji.

Jamuna — kimya.

Jumatano, 13 Novemba

Kazini mawazo hayapo: nimebadilisha nywila ya meneja bila kuombwa.

Alhamisi, 14 Novemba

Amepiga!

"Niren." Bila Kaka! "Mashine imenisomea barua yako kwa sauti ileile inayonisomea bili ya umeme. Haikupumua hata mara moja. Njoo uisome mwenyewe."

Nikauliza, mama yako atakuwepo?

"Atakuwepo. Ameshaisikia mara mbili, na anataka ya tatu."

Jumamosi, 16 Novemba

Kirtipur, juu ya paa. Naandika badala ya kusoma.

Mama yake amejidai kuanua nguo. Nguo zenyewe bado zinachuruzika maji. Jamuna amemimina chai, hakumwaga hata tone. Mimi ndiye niliyemwaga. Barua nimeifungua kwenye simu. Maneno yangu mwenyewe, na siyawezi.

Amesogeza mkeka. Amekaa karibu — karibu sana. Amekunja miguu, amenigeuzia sikio.

"Haya," anasema. "Kalamu naisikia. Wewe nitakusikia lini?"