Mume Wangu Ataka Kurudisha Kompyuta ya Harusi

Mshauri wetu mpendwa,

Naomba unisaidie, ingawa mimi ndiye mwanamke mwenye furaha kuliko wote hapa Garsen, kwa maana nina miezi miwili tu ya ndoa na Bonaya wangu, ambaye akiniita jina langu asubuhi nasahau chai jikoni mpaka ifurike, na tumefungua ofisi ndogo ya kupiga chapa karibu na soko, na kaka yangu Jarso wa Mombasa alitupatia kompyuta siku ya harusi, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Kompyuta hiyo ilitengenezwa na kampuni moja, lakini programu kuu inayoiendesha ni ya kampuni nyingine kubwa, iliyokuwa ikitoa leseni kwa watengenezaji wengine, sasa Bonaya amesoma gazetini kwamba leseni hizo zimekomeshwa, basi siku hiyohiyo akaitia kompyuta kwenye katoni na kuifunga kamba. "Muna," akaniambia, "kwetu Waorma mtu akikukopesha ng'ombe ukamue, maziwa ni yako, ng'ombe ni wake. Akisema basi, unamrudisha." Nikamjibu, "Bonaya, hii haina kwato, ni zawadi!" Akacheka sana, lakini kamba hakuifungua. Anasema kampuni ina haki, kwa kuwa watengenezaji hao wamekamua mpaka mwenye zizi akalala njaa. Mimi nasema wasingekopesha, sisi tungeipata wapi?

Nikampigia Jarso simu kutoka posta. "Mwambie shemeji," akasema, "akirudisha zawadi yangu, na mimi namrudishia ng'ombe wake wa mahari!" Labda ni utani, lakini sikumsikia akicheka, na mahari ikirudi, mimi si nimerudi nayo? Mafuriko yakipungua tu na barabara kufunguka, katoni inapanda basi kurudi kwa kampuni, kwa hiyo nakiri, nimeficha waya wa umeme chini ya nguo zangu, na mpenzi wangu anautafuta huku akiimba. Nifanye nini?

Muna, Garsen

*Jibu la mshauri*

Hongera kwa ndoa, Muna, na aibu kwako kwa huo waya. Umrudishie leo, kabla hajaacha kuimba.

Mumeo ni mwaminifu, jambo adimu, ila amekosea kuhusu nani aliyekopeshwa. Kampuni haikuwakopesha ninyi, iliwakopesha watengenezaji, na sasa imewaambia wasitengeneze nyingine. Nyinyi mlipewa maziwa yakiwa tayari kwenye kibuyu. Nani alishawahi kudai maziwa yaliyokwisha kunywewa?

Kuhusu ubishi wenu, mimi niko upande wako. Anayekopesha hueneza jina lake mpaka mahali asipofika mwenyewe. Mwenye mali ana haki ya kukataa, lakini aseme mapema, si baada ya watu kuhamisha boma wakitegemea maziwa yake.

Kaka yako naye amekasirika kwa haki, ila mahari si kitu cha kutishia watu kwenye simu. Na wewe acha kubeba maneno kati ya wanaume wawili wazima.

Msomee Bonaya ukurasa huu. Kisha aikate kamba, awashe mashine, na kazi ya kwanza iwe barua ya shukrani kwa Jarso. Aipige chapa yeye, aitie sahihi yeye. Asante ya mume kwa shemeji haitumwi na mke.