Jina la Wendell Juu ya Hadithi Zangu

Jumanne, 14 Septemba 1976

Kitabu kimekuja na posta ya asubuhi. Nimekiweka juu ya jokofu, maana kikikaa karibu nami nitakitia kwenye jiko. Jalada lenyewe: mwanamke nusu uchi amebebwa na joka la sayari ya Zohali. “Hadithi Kumi na Mbili za Kutisha za Wendell Bruckner, Bingwa wa Toledo.” Nyuma, picha ya marehemu mume wangu ameshika kiko. Kiko! Wendell hakuwahi kuvuta hata sigara moja. Mtu amekichora.

Wendell alikuwa mpanga barua wa posta hapa Toledo. Mtu mwema. Lakini kuandika? Orodha ya vitu vya dukani tu ilimtoa jasho. Hadithi hizo niliziandika mimi, Opal, kwenye meza ya jikoni, miaka tisa mfululizo kuanzia 1931. Arobaini na tatu! Za kwanza nilitia jina langu. Zikarudi zote, na kijibarua: wasomaji wetu ni wanaume, bibie. Nikachukua ileile moja, sikugusa hata nukta, nikaandika juu yake jina la Wendell. Wakaichapa mwezi uliofuata.

Sina hamu ya chakula.

Alhamisi, 16 Septemba

Nimempigia simu Merle. Mwanangu wa kumzaa, miaka arobaini na nne, ndiye aliyeshusha magazeti yangu darini akampa Haskell Pruitt, huyo bwana anayekusanya hadithi za zamani na kuzichapa upya. Ndiye aliyetia sahihi mkataba. Mimi sikuulizwa.

“Nilitaka iwe zawadi, Mama.”

Nikamwambia: zawadi gani ya kumpa mtu mali yake ikiwa na jina la mwingine?

Akanijia na ile sauti yake ya udaktari, ya kuongea na wagonjwa: “Mama, wewe ulikuwa unampigia taipu tu. Baba mwenyewe aliniambia.”

Baba mwenyewe!

Mwanzoni tulicheka pamoja, mimi na Wendell. Kisha vijana wakaanza kubisha hodi wakitaka awasainie magazeti. Akasaini. Mwaka wa pili akawa anawasimulia jinsi wazo la hadithi lilivyomjia akiwa anaoga. Na mimi nasimama pale, nakata keki ya tufaha, natabasamu kama mjinga. Niliona ni mambo ya kitoto, yatapita. Kumbe na mtoto wetu alikuwa anasikiliza.

Nimekata simu. Nimevunja kikombe. Kwa makusudi.

Jumapili, 19 Septemba

Nimemweleza Odessa Tolliver kila kitu. Anakaa nyumba ya mkabala, anafanya kazi maktaba. Familia yake ndiyo ya kwanza ya Weusi kuhamia mtaa huu. Majirani watano waliuza nyumba mwaka uleule. Mimi nilibaki, na mpaka leo tunakunywa kahawa pamoja kila Jumapili.

Akauliza swali ambalo Merle hakulifikiria: “Bi. Opal, ulivyoandika kwa mkono viko wapi?”

Vipo! Madaftari saba, chini ya vitambaa vya cherehani. Yote kwa hati mkato, niliyojifunza nilipokuwa karani. Wendell hakuijua hata herufi moja. Odessa anaijua, alisoma chuo cha makatibu kabla ya maktaba. Akafungua la kwanza, akasoma kwa sauti, mimi nikifuatisha kwenye kitabu cha Pruitt. Neno kwa neno!

“Wamekwisha hawa,” akasema.

Nikapiga meza mpaka vijiko vikaruka. Nitawaumbua mbele za watu. Kuanzia Pruitt hadi huyo mwenye kiko.

Jumatano, 22 Septemba

Siku mbaya.

Odessa alikuwa amefika daftari la nne. Anasoma, mimi napiga taipu. Sauti yake ikaanza kupungua. Akasimama katikati ya sentensi. Ilikuwa ile ya bwawa, 1934—baharia mzungu anafika kisiwani, bwawani anakuta watu weusi wanaotambaa, wanakula nyama mbichi, hawana lugha. Nilikuwa nimeisahau. Hapana. Uongo. Sikuisahau.

“Na hii ni yako?”

Ningeweza kusema ni ya Wendell. Neno liko mdomoni kabisa! Yeye amekufa, haoni haya.

“Ni yangu.”

Kisha nikaharibu zaidi. Nikasema enzi zile kila mtu aliandika hivyo.

“Mimi sikuandika hivyo,” akasema Odessa. “Mwaka huo nilikuwa na miaka sita. Kaka yangu alikuwa ananunua magazeti hayo. Ndiyo yaliyonifundisha kusoma, Bi. Opal. Nilifika kwenye watu wanaotambaa, nikamuuliza mama kama ni sisi.”

Akavaa koti. Daftari akaondoka nalo. Sikumwomba aliache.

Nina hasira na kila mtu leo na sijui nianze na nani. Najua.

Jumatatu, 27 Septemba

Pruitt kapiga simu. Jumamosi, kwenye mkutano wa wapenzi wa hadithi hizi, hoteli ya mjini, watampa Wendell nishani. Mjane aje aipokee. “Vaa ile nguo yako nzuri, mama.” Hajawahi kuniona!

Nikamwambia niliziandika mimi. Akacheka kwa upole. Nikataja madaftari. Kicheko kikakatika. Kisha: basi, toleo lijalo anaweza kuongeza mstari, “kwa msaada wa mkewe mpendwa.”

Msaada!

Nikamuuliza kwa nini ameanza kitabu na ile ya bwawa. Akasema ndiyo kali kuliko zote. Watu wanaipenda.

Odessa hajavuka barabara tangu Jumatano.

Jumamosi, 2 Oktoba

Nimejifungia choo cha wanawake cha hoteli. Naandika haraka. Wamesimamisha shughuli dakika kumi.

Watu kama mia mbili ukumbini. Merle alisimama jukwaani na nishani, amenyoa vizuri, ana furaha kama mtoto. Nikapewa maikrofoni nishukuru. Nikasema: “Wendell hakuandika hata mstari. Niliandika mimi. Zote.” Mtu akacheka. Kijana mmoja akapiga kelele, “Mkalisheni bibi!” Merle akawa mwekundu, akanishika kiwiko. Nikauondoa mkono wake. Pruitt, kwa lile tabasamu lake: “Basi tuoneshe, mama.”

Madaftari sita nilikuwa nayo mkobani. Kabla sijafungua, Odessa akainuka nyuma kabisa. Sikujua kama yupo! Akaja mpaka mbele, Mweusi pekee ukumbi mzima, akaniwekea mkononi daftari la nne.

“Hili,” akasema. “Ukurasa wa kumi na moja. Wasomee kwa sauti, wao wafuatishe kwenye kitabu. Mimi nitakaa mstari wa kwanza.”

“Odessa, kuna mengine sita.”

“Najua. Umesema zote.”

Hapo ndipo Pruitt alipoomba mapumziko.

Merle yuko nje ya mlango. Anabisha. “Mama, daftari hilo—ni mwandiko wako kweli? Mama? Twende nyumbani tu. Nishani tutamwachia Baba, yaishe.”

Yaishe!

Nimeufungua ukurasa. Hati mkato inasomeka vizuri, hata sikutetemeka nilipokuwa naandika. Hakuna neno nililokata. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na nilijiona hodari.

Kengele imelia. Viti vinaburutwa. Nimemwambia Merle aondoke mlangoni, na yeye akae mstari wa kwanza, kando ya Odessa, na asikilize mpaka mwisho. Natoka kusoma.