Mzee katoa neno la shukrani

Munira upo? Baba Rahma karudi toka semina, kalala na viatu, kaelekea ukutani. Nimemtoa maneno kwa shida.

Si ile semina ya mameneja wa miradi hapo Sinza, wanayokwendaga kila mwaka ili usajili wao usifutwe. Leo mwalimu kasema watajifunza kwa mradi uliokufa. Kaweka picha. Zahanati ya Kawe. Ile ile aliyoisimamia mume wangu, ikaishia kwenye lenta.

Na yeye mwenyewe yumo pichani, kavaa kofia ya saiti, kageuza mgongo. Hakuna aliyemjua.

Wakagawanywa makundi, watafute meneja alikosea wapi. Vijana wa kundi lake wanacheka, "huyu jamaa alikuwa amelala." Halafu wakamchagua yeye akasome majibu, kwa kuwa ndiye mkubwa wao.

Kasoma. Munira, makosa yake mwenyewe, kayasoma moja moja mbele ya ukumbi mzima. Eti alitaka kusema "ni mimi", mdomo ukaendelea kusoma tu.

Jioni likaja neno la shukrani. Atoe nani? Si huyo huyo mzee. Kamshukuru mwalimu kwa mfano mzuri. Kasema hivyo hivyo, mfano mzuri.

Kwenye kupewa vyeti, mwalimu kamshika mkono kwa mikono miwili. "Mzee wangu, ule mradi wangekupa wewe, watu wa Kawe leo wangekuwa wanatibiwa pale."

Akasema ahsante.

Munira, kasema ahsante.